Daraja, Ngazi au Kiwango? Hesabu ya Kupanda kwa Mhusika katika Michezo ya Uhusika na Tatizo la Istilahi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza dhana inayoitwa *level* kwa Kiingereza katika michezo ya uhusika, kuanzia mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974 hadi michezo ya kompyuta iliyoufuata. Inaelezwa kwanza jinsi dhana hiyo inavyokokotolewa, kisha maneno ya Kiswahili yanayoweza kuibeba yanapimwa moja baada ya jingine. Hoja yetu ni kwamba mtaalamu wa istilahi hawezi kuamua atumie neno moja au maneno kadhaa kabla hajajua ni namba zipi ambazo kanuni za mchezo huzilinganisha.

1.0 UTANGULIZI

Taaluma ya istilahi katika Kiswahili imezoea kushughulikia nyanja zenye heshima: sheria, fizikia, utabibu, utawala, na isimu yenyewe. Michezo imeachwa ijitafutie maneno. Kandanda ilifanikiwa kwa sababu ilipata watangazaji wa redio, na leo hakuna anayehitaji kamati ili aelewe maana ya kuotea au mpira wa adhabu. Michezo ya kompyuta haijapata bahati hiyo. Wachezaji wake husoma Kiingereza kwenye kioo, na wanapozungumza wao kwa wao husema *nimepanda levo*, *yule yuko levo ya ishirini*, na kadhalika. Neno *levo* limekwisha kuvuka mpaka wa michezo. Vijana hulitumia hata kuelezea tofauti za hali ya maisha, kama katika sentensi *hatuko levo moja*.

Kabla ya kuuliza kama *levo* libaki au liondoke, yafaa tujue linataja nini. Udhaifu unaojitokeza mara kwa mara katika uundaji wa istilahi ni kutafsiri neno la lugha chanzi badala ya kuipa jina dhana. Katika suala letu udhaifu huo una gharama halisi. Anayeandika mwongozo wa mchezo kwa Kiswahili, au mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya michezo hii, akichagua neno ovyo, si mtindo tu utakaoharibika: kanuni zenyewe hazitafuatika.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema. Tunasema *mchezo wa uhusika*, wala hatusemi *mchezo wa kuigiza*, kwa kuwa jina hilo la pili ni mali ya tamthilia ya jukwaani. Pili, tunatofautisha *mchezaji*, ambaye ni mtu aliyeketi mbele ya meza au kompyuta, na *mhusika*, ambaye ni kiumbe anayeendeshwa naye mchezoni. Tofauti hii ndiyo inayoitenga michezo hii na michezo yetu ya asili. Katika bao, ujuzi wote umo kichwani mwa mchezaji. Kete 64 zinapopangwa upya hazikumbuki lolote la mchezo uliopita, na fundi wa bao ni fundi hata akibadilishiwa ubao. Katika mchezo wa uhusika, sehemu ya mafanikio huwekwa kwa mhusika kama akiba, huandikwa kwa namba, na hubaki pale mchezaji anapokwenda kulala. Namba hiyo ndiyo mada yetu.

2.0 NENO MOJA, VIPIMO VINNE

Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Mizizi yake imo katika michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago vya askari. Katika Chainmail, kanuni za michezo ya namna hiyo zilizotolewa na Gygax na Jeff Perren mwaka 1971, kulikuwa na kiumbe aliyeitwa *Hero*, aliyehesabiwa kupigana sawa na askari wanne, na mwingine aliyeitwa *Superhero*, aliyehesabiwa sawa na askari wanane. Mchezo wa mwaka 1974 ulipowapanga wapiganaji katika safu ya namba, *Hero* aliwekwa kwenye 4 na *Superhero* kwenye 8. Kwa hiyo namba ya mhusika haikuanza kama sifa wala kama cheo. Ilianza kama idadi ya watu, yaani jibu la swali: mhusika huyu ni sawa na askari wangapi wa kawaida?

Katika toleo hilo kila namba ilikuwa na jina lake. Mpiganaji alianza akiitwa *Veteran*, kisha *Warrior*, *Swordsman*, *Hero*, *Swashbuckler*, *Myrmidon*, *Champion*, *Superhero*, na alipofika 9 akawa *Lord*. Kwa mfasiri, safu hii ni mtihani mzuri. *Shujaa* na *bingwa* yanapatikana bila shida, na *jagina* lingeweza kumbeba huyu wa nane. Kwa wa tisa tungependekeza *mwinyi* badala ya *bwana*, kwa sababu mpiganaji akifika hapo huruhusiwa kujenga ngome na kuvuta wafuasi, na mwinyi wa pwani alikuwa hasa mtu mwenye mji na watu wake. Kinachoshangaza ni huyu wa kwanza: anayeanza ndiye anayeitwa mkongwe wa vita! Ukikumbuka kwamba kipimo ni askari wa kawaida, kichekesho hicho kinapungua. Majina haya yaliendelea katika toleo la juu la mwaka 1978, yakaachwa katika toleo la pili la mwaka 1989. Namba zilishinda.

Neno *level* lilitumika kwa mambo manne: uwezo wa mhusika, ugumu wa uganga anaoutumia, ukali wa zimwi analokutana nalo, na kina cha pango anamoingia. Gygax mwenyewe aliliona tatizo hili. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 alieleza kwamba iliwahi kufikiriwa mhusika apewe neno *rank*, uganga upewe *power*, zimwi lipewe *order*, na *level* libaki kwa pango peke yake. Mpango huo uliachwa kwa sababu watu walikuwa wamekwisha zoea. Wale wanaofundisha upangaji wa lugha hawatapata mfano mfupi kuliko huu wa mgongano kati ya usahihi na kukubalika, na hapa mwenye mamlaka yote juu ya istilahi ndiye aliyesalimu amri mbele ya watumiaji.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba hii ilikuwa polisemia ya bahati mbaya. Kanuni za mwaka 1974 zilisema kwamba alama apatazo mhusika hupimwa kwa uwiano. Mchawi wa 8 akifanya kazi katika orofa ya 5 ya pango, alama zake huhesabiwa kwa 5/8. Ili 5 igawanywe kwa 8 na jibu liwe sehemu ya kitu kile kile, sharti namba zote mbili ziwe za kipimo kimoja. Hakuna anayegawa debe tano za mahindi kwa maili nane za njia akapata sehemu ya mshahara. Katika kanuni hii neno lile moja lilifanya kazi: lilimwambia msomaji kwamba kina cha pango na uwezo wa mtu vinaweza kuwekwa juu na chini ya mstari mmoja wa sehemu. Hoja hii tutairudia, kwa kuwa ndiyo msingi wa pendekezo letu.

3.0 HESABU YA VIZINGITI

Mhusika hukusanya alama za uzoefu. Alama zikifika idadi iliyowekwa, ambayo tutaiita kizingiti, namba yake huongezeka kwa moja na uwezo wake hukua. Kati ya kizingiti na kizingiti hakuna kinachobadilika. Mhusika mwenye alama 1,999 hana tofauti na mwenye 0, isipokuwa matumaini.

Neno *uzoefu* lenyewe lina walakini. Linatokana na *-zoea*, nalo hudai kwamba mtu amerudia jambo hadi likamwingia. Mwaka 1974 sehemu kubwa ya alama ilitokana na hazina: kipande kimoja cha dhahabu kilichotolewa pangoni kilikuwa alama moja. Mwizi aliyekwepa kila pambano akatoka na mfuko mzito alikuwa "mzoefu" kuliko askari aliyepigana mchana kutwa. Wengine wangependelea *tajriba*, neno lenye asili moja na *jaribu* katika Kiarabu, na kwa hakika tajriba ya mambo yaliyomkuta mtu iko karibu zaidi na kusudi la kanuni. Tumebaki na *uzoefu* kwa kuwa linafahamika pande zote, na kwa kuwa michezo ya baadaye ililisogelea. Final Fantasy II ya mwaka 1988 iliiondoa kabisa namba ya jumla ya mhusika, ikafanya kila ustadi ukue kwa kutumiwa: anayetumia upanga huzoea upanga. Huo ni uzoefu kwa maana kamili ya kitenzi chake.

Vizingiti vya mpiganaji wa mwaka 1974 vilikuwa hivi:

Namba: 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9
Alama: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000, 120,000, 240,000

Isipokuwa pale penye 120,000, kila kizingiti ni mara mbili ya kilichotangulia. Tokeo la kuzidisha huku si dhahiri kwa macho. Chukua wahusika wawili wanaosafiri pamoja na kupata alama sawa: mmoja ana alama 32,000, yaani yuko kwenye 6, na mwingine ndiyo kwanza anaanza na 0. Yule wa kwanza akichuma 32,000 nyingine atafika 64,000, yaani 7. Katika muda huo huo mgeni amechuma 32,000, naye yuko kwenye 6. Aliyekuwa nyuma kwa hatua tano sasa yuko nyuma kwa moja. Jedwali linaloonekana kama mlima kwa anayepanda ni daraja la kuvukia kwa anayechelewa, na kwa kundi la marafiki ambamo mhusika aliyekufa hubadilishwa na mpya, jambo hili ni la lazima ili mchezo uendelee.

Toleo la tatu la mwaka 2000 liliacha kuzidisha kwa mbili. Kizingiti cha 2 kikawa 1,000, cha 3 kikawa 3,000, cha 4 kikawa 6,000, hadi 190,000 kwa 20. Yaani kutoka namba yoyote kwenda inayofuata ni namba hiyo mara 1,000. Wahusika wetu wawili wakipewa alama sawa chini ya jedwali hili, aliye kwenye 6 ana 15,000 na anahitaji 6,000 ili afike 7. Mgeni akiwa na 6,000 atakuwa kwenye 4. Pengo ni tatu, si moja. Watungaji baadaye waliliziba kwa njia nyingine: alama anazopewa mhusika kwa kulishinda zimwi zilitegemea namba yake mwenyewe, hivyo aliye chini hupewa zaidi. Ulinganishaji haukufutwa, ulihamishwa kutoka kwenye kizingiti kwenda kwenye tuzo.

Kompyuta ziliupokea utaratibu huu mapema. Mwaka 1975 tayari kulikuwa na michezo ya namna hii katika mtambo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois. Wizardry na Ultima zilifuata mwaka 1981, na kutokana na hizo Yuji Horii alibuni Dragon Quest, iliyotolewa Japani mwaka 1986. Katika toleo lake la Marekani la mwaka 1989 vizingiti vya mwanzo ni 7, 23, 47, 110, 220 na 450. Zimwi dhaifu kuliko yote hutoa alama 1, kwa hiyo mchezaji hupata furaha ya kupanda katika dakika zake za kwanza. Kizingiti cha mwisho, cha 30, ni 65,535. Namba hii haikutokana na hekima yoyote ya mchezo: ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 16. Kutoka 28 kwenda 29 mhusika anahitaji alama 4,000, ilhali kutoka 29 kwenda 30 anahitaji 535 tu, kwa sababu nafasi ya kuandikia imekwisha. Lugha ya mashine hapa imeweka kikomo cha ushujaa.

Pokémon ya mwaka 1996 ilifuata njia ya tatu. Kwa kundi moja la viumbe wake, kizingiti ni namba yenyewe ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu: kumi ni 1,000, na mia, ambayo ni kilele, ni 1,000,000. Kutoka 10 kwenda 11 ni alama 331. Kutoka 99 kwenda 100 ni 29,701. Makundi mengine hufika mia kwa 800,000, kwa 1,059,860 au kwa 1,250,000, kwa hiyo viumbe wawili wenye namba moja huenda hawakuchuma sawa.

Kuhusu kinachoongezeka mtu anapovuka kizingiti, itoshe kusema kwamba ni uhai, nguvu, wepesi, na uganga mpya. Katika Dragon Quest uganga wa kuponya hupatikana kwenye 3 na wa kuunguza kwenye 4. Mwanaisimu atapenda kujua kwamba katika mchezo huo herufi za jina ambalo mchezaji humpa mhusika ndizo zinazoamua sifa zipi zikue haraka na zipi zikue polepole. Waliosema jina la mtu humwumba mwenyewe hapa wamepata ushahidi.

4.0 MANENO TULIYO NAYO

*Kiwango* ndilo neno linalowajia wengi kwanza, na kwa maoni yetu halifai. Kiwango hupanda na kushuka bila kukatika, kama maji ya bwawa: kiwango cha joto, kiwango cha mvua. Dhana yetu ni ya vipande. Hakuna nne na nusu. Aidha, mhusika akishapanda hashuki ila kwa nadra, kwa mfano akiguswa na mizuka fulani ya Dungeons & Dragons inayonyonya namba za watu. *Kiwango* linafaa kwa alama zenyewe, siyo kwa vizingiti.

*Ngazi* lina picha nzuri lakini sarufi yake inapinga. Tunasema ngazi ya kata, ya wilaya, ya mkoa. Zote zipo kwa wakati mmoja na mtu huwa *katika* ngazi. Hatusemi mtu *ana* ngazi ya tano. Isitoshe, ngazi ni kitu kizima, na kinachohesabiwa ni vipandio vyake.

*Cheo* lina historia ya kuvutia. Maana yake ya zamani ni kipimo, kama cheo cha kiatu au cha nguo, kisha ikaja maana ya wadhifa. Lakini leo cheo hutolewa na mwenye mamlaka na humpa mtu amri juu ya wengine, na mhusika wa 20 hana amri yoyote juu ya mhusika wa 3. Tungelihifadhi kwa yale majina ya mwaka 1974: shujaa, jagina na mwinyi ni vyeo vilivyofungwa kwenye namba.

*Hatua* linahitajika kwingine. Katika michezo kama Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Kiingereza hutumia *level* kwa maana ya tano, yaani sehemu ya safari ambayo mchezaji huimaliza kisha huingia nyingine. Mchezo huo una 32. Hizo ni hatua, na wala si mali ya mhusika.

*Kidato* ndilo ambalo tunalionea huruma. Wakwezi wa minazi walikata vidato kwenye shina ili wapate pa kuweka mguu, na kila kidato kilikatwa na mtu aliyekuwa amesimama kwenye kile cha chini yake. Hakuna picha iliyo karibu zaidi na hesabu tuliyoieleza. Lakini shule za sekondari zimelichukua, na mtu akisema mhusika wake yuko kidato cha tano atachekwa.

Linabaki *daraja*, kutoka Kiarabu, lenye maana ya kipandio na ya cheo. Mtu huwa na daraja, daraja huhesabika, na tayari watumishi wa umma *hupanda daraja*. Kwamba neno hilo hilo hutaja kivuko cha mtoni si kikwazo, kwani muktadha huondoa utata. Kikwazo kikubwa kiko kwingine, nacho hakijaangaliwa vya kutosha: daraja la Kiswahili huhesabiwa kutoka juu. Daraja la kwanza katika mtihani ndilo bora kuliko yote. Afisa daraja la II hupanda akawa afisa daraja la I. Katika mchezo mambo ni kinyume; anayeanza yuko kwenye moja, na ukubwa wa namba ni ukubwa wa uwezo. Ukiandika *shujaa wa daraja la kwanza*, msomaji atamwona bingwa, ilhali unamzungumzia mwanagenzi.

Utatuzi tunaoupendekeza ni wa kisarufi. Kiunganifu *-a* pamoja na namba hujenga mpangilio, na ni mpangilio huo uliobeba mazoea ya kuhesabu kutoka juu. Tukikiondoa na kuiacha namba ifuate nomino moja kwa moja, kama tunavyosema *ukurasa 20* au *chumba 7*, tunapata *daraja 1*, *daraja 20*, na dhana ya ubora wa moja inafifia. Mhusika basi ana *daraja 5*, wala hayuko *daraja la tano*. Ngeli iwe ya LI-YA: daraja limeongezeka, madaraja yameongezeka.

5.0 KUPANDA NA KUPANDISHWA

Zingatia sentensi hizi:

(1) a. Mhusika amepanda daraja.
b. Daraja la mhusika limepanda.
c. Mhusika amepandishwa daraja.
d. Mchezaji amempandisha mhusika daraja.

Katika (1a) *daraja* hukaa mahali pa yambwa, lakini si yambwa halisi, kama kutendwa kunavyodhihirisha:

(2) a. Ngazi imepandwa na mtoto.
b. *Daraja 5 limepandwa na mhusika.

Ngazi hukwewa, daraja halikwewi. Ni kijalizo kinachoeleza ni katika kipimo gani mhusika amepanda. Ndiyo maana (1b) inawezekana bila kubadilisha umbo la kitenzi. Kijapani, ambacho ndicho lugha ya Dragon Quest, hutofautisha kwa vitenzi pacha: *agaru*, kupanda kwenyewe, na *ageru*, kupandisha. Ujumbe unaotokea kwenye kioo hutumia kile cha kwanza, na kiima chake ni daraja, sawasawa na (1b). Hakuna mtenda.

Suala la mtenda si la sarufi tupu. Katika Dragon Quest mfalme humwambia mhusika ni alama ngapi zimebaki ili apande, lakini mfalme hapandishi. Anasoma hesabu tu. Katika Wizardry kupanda kulingoja hadi mhusika alale nyumba ya wageni, na baadhi ya sifa zake ziliweza hata kupungua usiku huo. Hapa pia hakuna mtenda, kuna mahali na wakati tu. Tofauti ni kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 1979, ambazo zilimtaka mhusika aliyefikia kizingiti atafute mkufunzi, akae naye kwa majuma na kumlipa dhahabu kabla hajapewa daraja jipya. Kwa mchezo huo (1c) ni sahihi, na kwa mingine ni upotoshaji, kwani inaleta mwajiri asiyekuwapo. Mwalimu yeyote aliyengoja barua ya kupandishwa daraja anaijua tofauti kati ya kufikia kizingiti na kupandishwa. Na huenda sehemu ya utamu wa michezo hii ni kwamba ndani yake (1a) hutosha.

Sentensi (1d) nayo ina nafasi yake. Mchezaji anayerudia mapambano mepesi kwa saa nyingi kwa ajili ya alama tu, huyo humpandisha mhusika wake.

6.0 KIGEZO CHA KULINGANISHWA

Sasa turejee kwenye vipimo vinne. Tunapendekeza kigezo kimoja: vipimo viwili vipewe jina moja ikiwa kanuni za mchezo huziweka namba zake katika mlinganyo mmoja bila kuzigeuza kwanza, la sivyo vipewe majina mbalimbali.

Mhusika na zimwi hupita mtihani huu katika michezo mingi. Katika World of Warcraft ya mwaka 2004, zimwi lililoachwa mbali na daraja la mhusika huandikwa namba yake kwa rangi ya kijivu na halitoi alama yoyote. Kompyuta imetoa namba moja kutoka kwa nyingine. Hivyo tuseme *daraja la mhusika* na *daraja la zimwi*. Pango lilipita mtihani mwaka 1974 kwa sababu ya ile 5/8. Kanuni hiyo ilipoachwa, kina cha pango kikawa mahali tu, na *orofa* linatosha.

Uganga ndio wenye mafunzo zaidi. Katika toleo la mwaka 2000, na tena katika lile la mwaka 2014, uganga wa 3 hupatikana mchawi akiwa 5, wa 4 akiwa 7, hadi wa 9 akiwa 17. Mgeni husikia neno moja na kudhani kwamba mchawi wa 3 hutumia uganga wa 3. Huo si uzito wa akili. Ni istilahi iliyomdanganya. Namba hizi hazilinganishwi mpaka zigeuzwe, kwa hiyo uganga tuupe *tabaka*: mchawi wa daraja 5 hufungua tabaka la tatu la uganga. Lakini katika toleo la nne la mwaka 2008 watungaji waliufuta ugeuzaji huo, na uwezo wa namba fulani ukawa wa mhusika wa namba hiyo hiyo. Anayefasiri toleo hilo atumie *daraja* kwa vyote viwili. Istilahi haiambatani na kitu, yaani uganga, bali na kazi ya namba ndani ya kanuni.

Itasemwa kwamba Kiingereza chenyewe hakikufuata kigezo hiki. Ni kweli. Mwaka 2000 ukali wa zimwi uliitwa jina jingine ingawa ulilinganishwa na daraja la wahusika. Mwaka 2008 ukarudishiwa *level*. Mwaka 2014 ukanyang'anywa tena. Hatuoni sababu ya Kiswahili kuyumba pamoja nao.

Na *levo*? Kama istilahi ina kasoro ile ile ya mama yake: haitofautishi lolote kati ya haya. Katika mazungumzo itaishi, na haina haja ya ruhusa yetu.

7.0 PALE AMBAPO KUPANDA HAKUPANDISHI

Tumesema daraja lilianza kama idadi ya askari wa kawaida. Kipimo cha namna hiyo hudai kuwepo na askari wa kawaida asiyebadilika. Final Fantasy VIII ya mwaka 1999 na Oblivion ya mwaka 2006 zilimwondoa. Ndani yake maadui hupanda pamoja na mhusika, na katika Oblivion majambazi wa barabarani waliomkabili mhusika wa daraja la juu walikuja wamevaa deraya za thamani kubwa kuliko chochote wangeweza kumwibia. Wachezaji walilalamika, na lalamiko lao lina maana kisemantiki: *kupanda* ni kitenzi cha uhusiano, nacho kinahitaji kitu kilichobaki chini.

Tukio la mwaka 2020 linaonyesha upande wa pili. Madaraja ya World of Warcraft yalikuwa yamefika 120, na waendeshaji wakayapunguza: aliyekuwa 120 akawa 50, na kilele kipya kikawekwa 60. Mazimwi nayo yalipunguzwa. Tulielezeje jambo hilo kwa Kiswahili?

(3) a. Mhusika ameshushwa daraja kutoka 120 hadi 50.
b. Madaraja yamekunjwa, 120 imekuwa 50.

Sentensi (3a) haina dosari ya sarufi, lakini si ya kweli, kwa sababu kushushwa daraja ni adhabu ya mtu mmoja mbele ya wenzake waliobaki walipo. Msumbiji ilipobadilisha fedha zake mwaka 2006, metikali 1,000 za zamani zikawa moja mpya, na hakuna muuza mkate aliyesema amefilisiwa. Tunapendekeza *kukunja*, kama mkeka unavyokunjwa bila kupunguzwa ukindu, na kiima kiwe *madaraja* yenyewe kwa wingi, bila mhusika yeyote kutajwa.